Mtoto Aliyenukia Mihogo

Mtoto alikuwa ananukia mihogo ya kukaanga, na mwanzoni watu walicheka.

Manesi wa wodi ya watoto walipokezana kumnusa utosini. Mmoja alisema mama yake alishindia vibanda vya chipsi mimba nzima, mwingine akasema huyu akipona atafungua genge. Ndivyo tulivyo: jambo tusilolielewa tunalicheka kwanza. Kisha nesi mkuu, Sista Agripina, akamfungua mtoto mbeleko, na kicheko kikaishia hapo hapo. Kuanzia mabegani hadi kiunoni ngozi ya mtoto ilikuwa imegeuka nyembamba na yenye kung'aa, kama utando juu ya maziwa yaliyochemka. Sista aliigusa kwa kidole kilichovaa glavu, nayo ikaondoka na kidole.

Bibi wa mtoto, Dokta Leokadia Kobelo, alifika mchana huo akitokea kiwandani, koti la maabara bado mwilini. Alikuwa ameitwa kama bibi, si kama mtaalamu. Aliinama kumbusu mjukuu wake Gaudensi, akavuta pumzi mara moja, akabaki ameinama vile vile.

Harufu ile aliijua kuliko harufu ya nyumba yake. Ilikuwa harufu ya tangi kubwa la kiwandani, saa ya kulisha.

"Mama?" Binti yake, Imakulata, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, maziwa yamelowesha blauzi. "Mama, mbona husemi?"

"Nani alimpaka mafuta?"

"Sasa hilo nalo swali? Mimi. Wewe. Kila siku akishaogeshwa. Si wewe uliyenifundisha? Nazi safi, kuanzia utosini hadi unyayoni, umkande, umfunge angali na joto."

"Umfunge na nini?"

Jibu alikuwa nalo Sista Agripina mkononi: mbeleko ya rangi ya machungwa, kitambaa cha kwanza cha toleo jipya la kiwanda. Bibi mwenyewe ndiye aliyeileta siku mtoto alipozaliwa, akaringa nayo mbele ya wazazi wote wa wodi.

"Itieni kwenye ndoo ya chuma mfunike," Leokadia alisema. "Na mtu anitafutie simu ya redio ya mji. Mama yeyote aliyemfunga mtoto mchanga kwa kitambaa hiki amvue sasa hivi, amwoshe kwa sabuni. Sasa hivi."

Pamba ilipokataa kuota, na nguo za plastiki zilipopigwa marufuku kwa sababu vumbi lake lilikuwa limeshafika hadi kwenye maziwa ya mama, wataalamu wengi walikimbilia miti na mianzi. Leokadia yeye alitazama mitaro ya Morogoro. Mji mzima ulikuwa unakaanga: mihogo, samaki, maandazi, chipsi. Na mji mzima ulikuwa unamwaga mafuta machakavu. Akachukua bakteria wa udongoni, akawazoesha kuyala mafuta yale. Wakishiba, hujaza miili yao kitu kama nta. Ukiwapasua ukaichuja nta hiyo, ukaisukuma kwenye matundu membamba, inatoka uzi.

Hadi hapo hakukuwa na maajabu. Kilichompa jina ni kwamba hakuwaua wote. Wachache aliwalaza ndani ya uzi wenyewe. Shati likichanika unadondosha tone la mafuta ya kikaangio penye mchaniko. Wanaamka, wanakula, wanatoa nta, wanalala tena. Ukiamka shati ni zima. Watu waliwaita mafundi wadogo, na mafundi cherehani wa kweli walimtukana Leokadia hadharani kwa kuwanyang'anya viraka.

Usalama wa kitambaa aliupima kwenye ngozi kavu, iliyofutwa kwa spiriti, kama taratibu zinavyotaka. Yeye aliyepakwa nazi na mama yake hadi alipoanza shule, haikumjia hata siku moja kwamba Morogoro nzima hakuna mtoto mchanga mwenye ngozi kavu. Mafundi wadogo walikuwa wamezoea tone. Mtoto yule walimpata amelowa mafuta kila siku, mwili mzima, wala hawakupata nafasi ya kulala. Mafuta ya nazi yakiisha, waligeukia mafuta ya ngozi yenyewe.

*

"Dawa gani inawaua?" aliuliza Dokta Msuya. Alikuwa daktari kijana wa upasuaji, Mpare, mtu wa maneno machache, na walisimama ukumbini nje ya wodi ili Ima asisikie.

"Hakuna."

"Mama, dawa za bakteria ninazo kabati zima."

"Nimekwambia hakuna. Niliwafundisha kuzistahimili zote. Tangi lilikuwa linaingiliwa na wadudu wa nje, tukawa tunalimwagia dawa, basi nikawafanya wa kwetu wasidhurike." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Nilipewa nishani kwa hilo."

Msuya alitazama mlango wa wodi. Redio ilikuwa imeshatangaza, na akina mama walikuwa wanaingia na watoto wao watupu. Wengi walikuwa na wekundu tu mgongoni. Hao maji na sabuni vingewatosha. Gaudensi ndiye aliyevaa kitambaa kile mapema kuliko wote. Kwake mafundi wadogo walikuwa wameshaingia ndani.

"Ana muda gani?"

"Wewe ndiye daktari."

"Hamalizi kesho," Msuya alisema.

Leokadia alitia mkono ndani ya koti, akatoa chupa ndogo ya kioo yenye kizibo chekundu. Sheria ilikuwa hivyo: anayeumba kiumbe anaweka na kifo chake, kwenye jokofu, chini ya ufunguo wake mwenyewe. Alikuwa ameshakwenda kuifuata. Aliendesha gari huku analia, akarudi huku analia, kisha akanawa uso bombani akaingia.

"Hiki ni Kizimio. Ni virusi. Mtu hakimgusi kabisa, kinakula mafundi wadogo tu. Nikimpaka mtoto, kesho wameisha mwilini mwake."

"Sasa tunasubiri nini?"

"Kinaruka, Msuya. Nilikitengeneza kiruke, kisibakize hata mmoja. Kinapita kwa mkono, kwa shuka, kwa pumzi. Sare za manesi wako ni kitambaa changu. Mapazia haya ni kitambaa changu. Nikifungua chupa hii hapa, hadi jua lizame kimefika kiwandani na tangi limekufa."

"Kiwanda! Mama, kiwanda ni kitu mbele ya mtoto?"

"Si kiwanda," Leokadia alisema, akageuza kichwa kuelekea mlango wa pili wa ukumbi. Hapo Msuya akaelewa, akakaa kwenye benchi la wagonjwa kama na yeye amekuja kutibiwa.

Nyuma ya mlango ule alilala Mrisho, mgonjwa aliyeungua, amevikwa kitambaa kile badala ya ngozi.

"Tumhamishe," Msuya alisema hatimaye. "Tumpeleke Dodoma."

"Dodoma hawavai nguo?"

*

Mrisho Kasubi alikuwa mkaanga chipsi wa stendi, na mafuta yake machakavu yalikuwa yanasifiwa kiwandani kwa kutoa uzi laini. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Siku ya kwanza alipomsikia Leokadia akitaja jina lake la Kiluguru, alimwita mtani, na tangu hapo hakumpa raha. Wanyamwezi na Waluguru wanataniana tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukuvua kofia mbele ya watu na usiseme kitu. Msibani anamtukana marehemu na wafiwa wanacheka, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake pale.

Sasa alilala chali, na kuanzia shingoni hadi kiunoni, pamoja na mikono yote miwili, alikuwa amevikwa kitambaa cha rangi ya chai ya maziwa kilichoshikana na mwili. Ndani ya hiki mafundi wadogo hawakulazwa. Manesi walikilisha matone kwa kipimo, nacho kilizuia maji ya mwili yasitoke na uchafu usiingie. Chini yake ngozi yake mwenyewe ilikuwa inarudi, polepole, ikifuata nyuzi. Mafundi wadogo wakifa kabla haijafika, kitambaa kingelegea na kuachia kama karatasi iliyolowa, na Mrisho angebaki nyama tupu.

"Mluguru!" aliita alipomwona. "Mikono mitupu tena? Watu wa milimani mna roho ngumu. Hata ndizi moja?"

"Mrisho, leo sikuja na utani."

"Basi umekuja na ubaya."

Akamweleza yote, bila kuficha. Mrisho alisikiliza akitazama dari. Leokadia alipomaliza, mtoto wa mtu alisikika akilia mbali; hakuwa Gaudensi, Gaudensi hakuwa na nguvu ya kulia.

"Huyo mtoto ni mjukuu wako."

"Ndiyo."

"Angekuwa wa mtu mwingine, ungekuja hapa?"

Leokadia alitaka kusema ndiyo. "Sijui," alisema.

"Hapo umesema kweli." Mrisho aliacha kutazama dari, akamtazama yeye. "Unajua niliungua vipi? Gari lenu la kukusanya mafuta lilikuwa linapiga honi. Likiondoka hujamwaga, mafuta yanakaa, mabwana afya wanakufungia kibanda. Mafuta hayajapoa, nikalibeba karai hivyo hivyo, nikajikwaa. Nimeunguzwa na mafuta nikiwaletea nyie, mkanivika nguo ya mafuta yale yale. Nikasema Mungu naye ni mtani. Leo mnakuja kunivua."

"Nimekuja kukuuliza."

"Huniulizi, mama. Anayeuliza yuko tayari kusikia hapana."

"Niko tayari."

"Haya. Hapana." Machozi yalimtoka pembeni mwa macho yakaingia masikioni, na hakuwa na mkono wa kuyafutia. "Nataka kuishi. Wanangu wako Tabora na mama yao, hawajui hata nimelala wapi. Namhurumia mtoto wako, Mungu shahidi. Lakini hapana."

Leokadia alichukua ncha ya koti lake akamfuta machozi. Kisha akatoka. Mtu yule alikuwa na haki yote.

*

"Kasemaje?" Ima aliuliza.

"Kasema hapana."

"Ulitaka aseme nini? Karibu, niueni?" Ima alisimama, na miguu yake bado haikuwa imara tangu alipojifungua. "Nani kakutuma kumuuliza? Fungua hiyo chupa."

"Ima, yule ni mtu."

"Na huyu?" Alimshika mama yake mkono wa juu, akambana hadi kucha zikaingia. "Mtazame! Hata kunyonya amesahau. Umemfunga mwenyewe, Mama, kwa mikono yako, ukamwimbia. Mimi sitaki kuwa mtu mwema. Hao watu wema waje baadaye wanihukumu. Mimi namtaka mwanangu."

Leokadia alitazama pale alipobanwa. Ngozi yake ya uzee ilikuwa imejikusanya chini ya vidole vya binti yake, imelegea, inavutika. Alikaa akiitazama hivyo kwa muda, hadi Ima akamwachia kwa kudhani amemuumiza.

"Endelea kumnyonyesha hata kama hataki," alisema, akaenda kumtafuta Msuya.

Msuya alimsikiliza huku anatikisa kichwa tangu neno la kwanza. Ndiyo, ngozi ya mtu mwingine inaweza kumfunika aliyeungua. Haidumu, mwili unaikataa baada ya majuma machache. Lakini majuma machache yangetosha kwa ngozi ya Mrisho kumaliza safari yake. Hilo lilifanywa zamani, kabla ya kitambaa.

"Basi lifanye."

"Kwa ngozi ya nani?"

"Ninayo hapa, nimetembea nayo maisha yangu yote."

"Mama Kobelo, ngozi ya umri wako ni nyembamba, na presha yako naijua. Hata nikikuchuna mapaja na mgongo wote, inafunika kifua na tumbo lake. Mikono haifiki. Anahitajika mtu mwingine."

Ima alijitolea, Msuya alimkatalia, damu aliyopoteza ilikuwa bado haijarudi. Ndugu wa Mrisho walikuwa Tabora. Leokadia aliwapigia simu wenzake wa kiwandani, watu aliokula nao ubwabwa kila Ijumaa. Wawili walikata simu waliposikia neno Kizimio. Wa tatu, msimamizi wa matangi, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema atamwombea mjukuu, na akamsihi asifungue chupa kwa sababu watu wana watoto wa kulisha. Naye hakuwa amekosea. Siku ile kila mtu alikuwa na haki yake, na hakuna haki iliyomsaidia mwenzake.

Walirudi kwa Mrisho wawili. Msuya alimweleza bila kupamba: kifua na tumbo vitafunikwa, mikono itabaki na dawa tu, na mikono ikioza inaweza kumuua au ikakatwa.

"Kifua ndicho kinachoniua," Mrisho alisema, "na mikono ndiyo inayonilisha. Nyie mnanichagulia cha kuniua."

"Ndiyo," Leokadia alisema.

"Utaumia?"

"Msuya anasema anayechunwa huumia kuliko anayefunikwa."

"Mimi ndiyo sisemi," Mrisho alisema. "Msije mkasema nilisema ndiyo. Ila huyo daktari akija na ngozi, sina mkono wa kumsukuma."

*

Kabla hajaingia chumba cha upasuaji, Leokadia alimwita Ima kando ya machela akamtia chupa kiganjani, akamfumba vidole.

"Sikiliza. Kifua cha Mrisho kinafunikwa kwanza. Msuya atatoka mwenyewe akwambie fungua. Kabla ya hapo usifungue. Ukifungua mapema, kitambaa kitamwachia akiwa mezani, tumbo wazi."

"Na mwanangu akizidiwa nikisubiri?"

Leokadia alikuwa ameshapima vijidudu, mafuta, joto la tangi, nguvu za uzi. Alichomtwika binti yake hakuwa na kipimo chake. "Usifungue," alirudia, na machela ikasukumwa.

Dawa ya usingizi ilipoanza kumpanda aliona wazi kwamba amefanya ukatili wa pili. Wa kwanza aliufanya bila kujua. Alijaribu kunyanyuka kuwaambia warudishe chupa, ulimi ukawa mzito. Wakamgeuza kifudifudi.

Alizinduka na maumivu ambayo hakujua mwili wa mtu unaweza kuyabeba. Alikuwa bado kifudifudi, na mgongo na mapaja yalikuwa yanawaka kama yamemwagiwa kikaango kizima. Mbele ya macho yake zilikuwa kandambili za Ima. Aliogopa kuinua macho. Alivuta pumzi kwanza, atafute ile harufu.

Haikuwepo. Kulikuwa na dettol, na jasho, na maziwa.

"Yuko wapi?"

"Mkononi hapa." Ima alichuchumaa akamwonyesha. Gaudensi alikuwa amefungwa dawa mwili mzima, uso tu ndio ulioonekana, umekunjamana kwa hasira. Akafungua mdomo akalia. Kilio chenyewe kilikuwa chembamba, kibovu, na Leokadia hakuwahi kusikia kitu kizuri kama kile.

"Ulisubiri?"

Macho ya Ima yalikuwa mekundu na makavu.

"Alikata pumzi, Mama. Nilikuwa nimekishika kizibo. Sista Agripina akampuliza mdomoni, akarudi. Akakata tena. Nilikuwa nasikia vyuma vyenu ndani, na mimi nimeshika kizibo." Alimgeuzia mtoto titi lingine. "Nilisubiri. Lakini usije ukaniomba tena kitu kama kile. Hata ukiwa unakufa, usiniombe."

Nje kulikuwa na watu. Tangi lilikuwa limekufa kama alivyosema, na mjini kila aliyedondosha mafuta kwenye mchaniko alibaki na nguo yenye doa. Wafanyakazi wa kiwanda walikuwa getini wanamtaka atoke ajieleze. Hakuwalaumu. Angetoka, siku akiweza kusimama.

"Nipelekeni kwa Mrisho," alisema.

Walimsukuma na kitanda chake, kifudifudi vile vile, mashuka yakimkwangua hata akauma mto. Kifua cha Mrisho kilikuwa kimefunikwa vipande vya kahawia vilivyoshonwa pamoja, vya rangi isiyokuwa yake. Vilikuwa vimeshika. Mikono ilikuwa imefungwa bandeji nene, na bandeji zilikuwa zimelowa njano. Homa ilikuwa imempanda. Leokadia aliisikia kabla hajamgusa.

Mrisho aligeuza kichwa. Ilimchukua muda kumtambua akiwa amelala hivyo.

"Mtani," alisema, midomo imepasuka. "Nimejitazama. Kifua Mluguru, miguu Mnyamwezi. Sasa nikifa nitazikwa na ukoo gani?"

Mtani akitaniwa hujibu, na jibu lake linapaswa kuwa chafu kuliko alilotupiwa. Leokadia alilitafuta. Yalikuwepo mengi, mama yake aliyajua yote, angemwambia kwamba ardhi ya Uluguru haipokei wezi wa ngozi, angemwambia arudishe mali ya watu ndipo afe. Hakuna lililotoka. Alinyoosha mkono, akamwekea kiganja kifuani, juu ya ngozi yake mwenyewe, nayo ilikuwa inachemka.

"Mluguru," Mrisho alisema polepole, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na hofu, "leo utani umekushinda?"

"Usife," alimwambia. "Mrisho, mwanangu, usife tu."